Binti yangu hula sana kisha hutapika kwa siri: je, huu ni ugonjwa?

Mama wa Tanga:
Ndugu zangu, naomba ushauri. Binti yangu ana miaka 17, yuko kidato cha nne, na umbo lake ni la kawaida. Kwa miezi kadhaa sasa, kila tumalizapo chakula cha usiku huenda msalani papo hapo, hufungulia bomba kwa nguvu, na hutoka macho yakiwa mekundu. Mikate na kiporo cha wali hupotea jikoni usiku, naye hukana. Nilihofia ujauzito, lakini kipimo kilionyesha hana. Zahanati walimpa dawa za vidonda vya tumbo, zisimsaidie. Shangazi yake anashikilia kuwa ni jini. Je, maradhi ya namna hii yapo, na yanatibika?

Muuguzi wa afya ya akili:
Pole sana, dada. Yapo, huitwa bulimia nevosa, na daktari Gerald Russell wa London ndiye aliyeyaeleza kwa jina hilo mwaka 1979. Mgonjwa hula chakula kingi mno kwa muda mfupi huku akihisi hawezi kujizuia, kisha, kwa hofu ya kunenepa, hujitapisha, hutumia dawa za kuharisha, hujinyima chakula au hufanya mazoezi kupita kiasi. Hali hiyo ikitokea angalau mara moja kwa wiki kwa miezi 3, daktari huweza kuthibitisha ugonjwa. Lakini wewe usisubiri itimie miezi hiyo. Uzito mara nyingi hubaki wa kawaida, ndiyo maana familia huchelewa kutambua. Tazama vifundo vya vidole vyake kama vina sugu au makovu yanayotokana na kukwaruzwa na meno, na mashavu kama yamevimba karibu na masikio mithili ya mtu mwenye matubwitubwi.

Hatari kubwa ni kupungua kwa potasiamu mwilini, jambo linaloweza kuvuruga mapigo ya moyo. Hospitalini omba apimwe damu kuangalia madini hayo, na moyo pia. Akizimia, akitapika damu au akihisi moyo unakwenda ovyo, mpeleke siku hiyo hiyo.

Kuhusu tiba, kiini chake ni kurudisha mpangilio wa kula: milo mitatu na vitafunio kwa saa zinazojulikana, kwa sababu anayeshinda na njaa ili afidie ulaji wa jana ndiye atakayezidiwa tena usiku. Kwa umri wake, tiba inayoshirikisha wazazi hufaa sana. Kwa watu wazima hutumika tiba ya mazungumzo inayolenga fikra na tabia, aliyoiendeleza daktari wa akili Christopher Fairburn wa Oxford, kwa vikao vipatavyo 20. Wengine huongezewa fluoksetini, dawa ya sonona, kwa kawaida miligramu 60 kwa siku, lakini kwa maelekezo ya daktari tu.

Tabibu wa meno:
Naongeza moja. Asidi ya tumbo hula meno, hasa upande wa ndani wa meno ya juu ya mbele. Akishatapika asipige mswaki hapo hapo, kwani atayakwangua yakiwa yamelainika; asukutue kwa maji kwanza.

Mama wa Tanga:
Mungu awabariki. Nianzeje kuzungumza naye? Na Ramadhani ikifika afunge?

Niliyepona:
Shikamoo mama. Niliugua nikiwa chuoni, na nilitibiwa nikapona. Usimfuate mlangoni mwa msalani wala usimseme mezani mbele ya wadogo zake. Mtafute mkiwa wawili tu, umweleze ulichokiona bila kumwita mwongo au mlafi. Mimi nilikana mara ya kwanza kwa aibu, na huenda naye akakana. Mpe muda kidogo kisha rudi tena. Kuhusu saumu, mgonjwa ana ruhusa ndani ya Kurani yenyewe, Sura ya Al-Baqara, na kushinda na njaa kisha kukutana na futari iliyojaa meza ni mtihani mzito kwa mwenye maradhi haya, hivyo muulizeni daktari mapema. Tafadhali zungumza pia na shangazi na majirani waache kumsalimia kwa kusema "umenenepa" au "umepungua", hata kama wanamsifu.