Leseni ya ualimu kwa shule za kimataifa: Huria, PGCE, iQTS au Moreland? (Niko Tanga)

Mwalimu_Chumbageni
Wakuu, habarini. Nina shahada ya sayansi, hisabati na fizikia, ualimu sikusomea. Nafundisha hisabati kwenye shule ya inglishi midiamu hapa mjini, na sasa nazitolea macho shule za kimataifa, iwe Dar, Arusha au hata Uarabuni. Matangazo mengi yanataka mwalimu mwenye leseni na uzoefu wa miaka miwili. Nimepata njia nne: stashahada ya uzamili ya ualimu ya Chuo Kikuu Huria, PGCE (cheti cha uzamili cha ualimu) ya masafa ya Uingereza, iQTS (hadhi ya ualimu ya England kwa walioko nje), na Moreland, chuo cha mtandaoni cha Marekani. Ipi inamfaa mtu asiyeweza kuacha kazi wala kuhama? Ada nitajikamua, ila sitaki kulipia karatasi ya kutundika ukutani.

Binti_Pangani
Mwalimu, kwanza tenganisha cheti na leseni, maana mawakala wanapenda kuvichanganya makusudi. PGCE ya kimataifa, kama ile ya University of Nottingham, ni masomo mazuri na inamfaa aliyeko darasani tayari, lakini haikupi QTS, yaani hadhi ya mwalimu aliyethibitishwa kwa taratibu za England. Shule nyingine zinaridhika nayo, nyingine hazitaki hata kukusikia. iQTS ndiyo iliyoletwa kuziba pengo hilo. Ilianza kwa majaribio mwaka 2022. Unasoma na kufanya mazoezi ukiwa nchini kwako, ukifaulu unapewa QTS yenyewe. Na QTS haiishi muda.

Mzee_wa_Ngamiani
Vijana mna haraka. Umefikiria utakavyofundisha kwa Waingereza, hujafikiria kama hapa nyumbani unatambulika kuwa mwalimu! Tuna Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ya mwaka 2018, inayotaka mwalimu asajiliwe. Huria wana kituo hapa hapa Tanga, unalipa kwa shilingi, unasoma jioni. Kama lengo ni Dar au Arusha, anzia hapo. Hao wengine watakuja.

Chaki_Mkononi
Shikamoo mzee. Kwa Dar na Arusha sina ubishi na wewe. Ila mwenzetu ametaja Uarabuni, na huko shule yenye mtaala wa Kiingereza ikitaka QTS, stashahada yetu haitasimama mahali pake hata iwe na alama za juu namna gani.

Mimi nilipita Moreland, zamani ikiitwa Teach-Now. Ni miezi tisa mtandaoni, mnakwenda kwa kundi, kila wiki kuna kazi ya kukabidhi na kikao cha video. Saa zao si zetu, kwa hiyo zoea kukaa macho. Mwishoni unafundisha chini ya mwalimu mlezi, unarekodi vipindi na kuvituma. Kumaliza kozi si kupata leseni. Hapo watu wengi wanachanganya. Leseni unaiomba kwa mamlaka ya Washington DC au jimbo jingine, na somo lako linaweza kukudai Praxis, mtihani wa walimu wa Marekani. Tena leseni hiyo ina mwisho, inahuishwa.

Praxis niliufanyia nyumbani Makorora. Msimamizi alinizungushisha kamera chumba kizima, chini ya meza, nyuma ya pazia. Karatasi hairuhusiwi, unaandika kwenye kibao cha kufutika. Mtu akiingia chumbani, matatizo. Nilihamishia watoto kwa bibi yao na kuweka betri ya akiba ya ruta, maana umeme wetu mnaujua.

Mwalimu_Chumbageni
Ahsante sana dada. Na huyo mwalimu mlezi anatoka wapi? Shuleni kwetu hakuna hata mmoja mwenye leseni ya nje.

Binti_Pangani
Umegusa penyewe. Ada watu wanachanga, kinachowakwamisha walioko Tanga ni mahali pa mazoezi. Iulize kozi kwa maandishi, kabla hujalipa: shule yangu inakubalika? Mlezi awe na sifa gani? iQTS hawatosheki na masomo ya kompyuta, wanahesabu siku za darasani, na wanataka uonje shule zaidi ya moja. Mwalimu mkuu wako akikataa kukuruhusu wiki kadhaa kwenda shule nyingine, mpango wote unalala. Zungumza naye sasa, tena upate barua yenye muhuri.

Kwa hali yako, ningechagua iQTS kama shule itakubali, na shule ikigoma, Moreland. PGCE peke yake ningeiacha.

Mzee_wa_Ngamiani
Na Huria?

Binti_Pangani
Huria asome, mzee wangu, sijaipinga. Asijipe tu matumaini kwamba itampeleka Dubai.

Kibao_Cheusi
Msisahau IB, mtaala wa kimataifa. Jirani zetu, shule ya UWC East Africa, Moshi na Arusha, wanafundisha IB. Lakini semina za IB ni nyongeza juu ya leseni, haziwi badala yake. Nimekutana na mtu amelipia semina tatu akidhani ameshakuwa mwalimu wa kimataifa.

Chaki_Mkononi
Jambo la mwisho, dogo lakini linachelewesha watu: majina. Cheti cha kidato cha nne Mwanahamisi, shahada Mwanakhamis, pasipoti Mwanahamis Ally bila jina la babu. Wazungu hawana habari na mambo hayo, wanaona watu watatu. Nenda kwa wakili ule kiapo cha majina mapema, halafu ndiyo uombe transkripti kutoka chuoni na ulinganisho wa shahada kutoka UK ENIC, wanaolinganisha vyeti vya nje na vya Uingereza. Cheti cha tabia njema cha polisi kiombe mwishoni kabisa, shule zinataka kipya.

Mwalimu_Chumbageni
Kwenye kidato cha nne mimi ni Omari, kwenye shahada Omar. Kesho naanza kwa wakili, Jumatatu kwa mwalimu mkuu.