Mjadala: Je, mwonekano wa kompyuta za umma ufungwe?

Wiki hii mwenye saiba (duka la kompyuta na intaneti) mmoja wa mtaa wa Tom Mboya ametoa hoja ambayo wengi wameishangilia: kompyuta za saiba, za maabara za shule na za vituo vya vijana hapa Nairobi zifungwe mwonekano. Mteja asiguse picha ya nyuma, rangi, ukubwa wa herufi, chochote. Napinga, na sababu yangu ni mzee mmoja.

Ilikuwa tarehe 29 Juni, kesho yake ndiyo siku ya mwisho ya kujaza ritani za kodi, na foleni ilikuwa imefika ngazini. Mzee ana mtoto wa jicho. Kurasa nilimkuzia kwa Ctrl na alama ya kujumlisha, lakini kilichomuumiza hasa ni weupe wa skrini, maana mwenye mtoto wa jicho mwanga mkali humtawanyikia machoni. Windows ina dawa ya hilo: usuli mweusi, herufi zinazong'aa. Ni kubonyeza tu Alt na Shift za kushoto pamoja na Print Screen. Katika saiba niliyokuwa nikihudumu, tajiri alikuwa ameizima njia hiyo na kufunga mipangilio yote. Mwishowe mzee aligeuza uso pembeni, akanitajia nywila yake kwa sauti ili nimwandikie, watu kumi wamesimama nyuma yake. Siku hiyo sijaisahau.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata habari, na vifaa vya kumsaidia kushinda vikwazo vyake. Kifaa kilikuwepo, ndani ya kompyuta ile ile. Sisi ndio tuliokifungia.

Mnasema wateja huharibu. Ni kweli, nimekuta picha za aibu, nimekuta skrini iliyopinduliwa juu chini. Lakini kuna programu kama Deep Freeze zinazoirudisha mashine ilivyokuwa kila inapowashwa upya. Mteja akiondoka unazima, unawasha, kazi inaendelea.

Mwalimu, Embakasi: Ndugu, mzee wako namhurumia, lakini mimi nina wanafunzi 40 na mashine 20. Nikisema "bofyeni Start, kona ya kushoto chini", nataka wote waione pale. Mmoja akiuhamishia juu ya skrini ule mstari wa chini wenye Start, dakika tano za kipindi zimeenda, na wenzake wameshaanza kelele.

Fundi, Luthuli: Namuunga mwalimu mkono. Hata watengenezaji wamelalamika. Mwaka 2019 baadhi ya wanaounda programu za GNOME, mazingira ya skrini ya Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta kama Windows), waliandika barua ya wazi, wakiomba mwonekano wa programu zao usibadilishwe, kwa sababu rangi zikigeuzwa ovyo programu huharibika. Mimi huletewa laptopu zenye maandishi meupe juu ya usuli mweupe, mwenyewe anadhani skrini imekufa.

Mwanzisha mada: Mwalimu, kipindi chako nakiheshimu, ila kona hiyo hata Microsoft hawakuitunza. Start ilikuja na Windows 95. Windows 8 ya 2012 ikakiondoa kitufe chake, 8.1 ikakirudisha mwaka uliofuata, na Windows 11 ya 2021 ikakipeleka katikati. Mtoto aliyekariri mahali, badala ya kukijua kitu chenyewe, atapotea siku atakapokalia mashine nyingine. Hata hivyo nakubaliana nawe nusu: ufunge huo mstari wa chini usihamishwe. Herufi na rangi ziache wazi, kwani darasani mwako pia yupo anayekodoa macho na hajakuambia.

Fundi, barua hiyo iliwalenga wasambazaji wa Linux, wale wanaogeuza rangi za programu kabla hazijamfikia mtumiaji. Anayechezea mashine yake mwenyewe hawakuwa na neno naye, na walilisema hilo wazi. Kwa hiyo haiwezi kuwa hoja ya kumnyima mtu aliyekaa mbele ya skrini.

Sasa ndugu wa mtaa wa Tom Mboya, wewe uliyetoa hoja ya kufunga, nakuomba unijibu jambo moja tu. Mzee yule akiingia kwako Juni ijayo, mashine zako zote zimefungwa, utambonyezea nini?