Kundi la simu: Ukoo wa Arua, tulio Kampala na Mukono (Uganda)

Jamali: Asalaam aleikum wote. Nimeshahamia Seeta, chumba kipo. Sasa ni kazi. Nachomelea vyuma lakini cheti sina. Nianze na mageti ya viwanda vya Namanve au karakana za barabarani?

Mjomba Swaleh: Waleikum salaam mjomba. Kabla ya geti na karakana, nenda kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, wa hapo ulipopanga. Barua ya LC ya Arua unayo?

Jamali: Ninayo, ya mwezi uliopita.

Mjomba Swaleh: Vizuri. Mpelekee hiyo, kopi ya kitambulisho cha taifa na picha mbili za pasipoti. Nenda na mwenye nyumba wako, maana mwenyekiti hakujui na hatakutilia muhuri kwa sura tu. Mwambie aandike kwamba barua ni ya kuombea kazi, na tarehe isomeke. Barua isiyosema ni ya nini hurudishwa getini.

Shangazi Aisha: Kisha toa kopi tano za kila kitu. Kitambulisho chenyewe usimwachie tajiri hata akisema ni "utaratibu". Askari wa geti akikishika ukiwa mgeni, sawa, utakichukua ukitoka. Bosi anayekifungia kwenye droo anataka usiweze kuondoka.

Kaka Rama: Jamali, kuhusu swali lako lenyewe: Namanve huingii kama fundi siku ya kwanza. Utaingia kama kibarua, kupakia na kupanga maboksi. Uwe getini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wanahesabu watu wanaohitaji kisha wanafunga. Na wengi huchukuliwa na wakala wa vibarua, siyo kiwanda. Uliza kabla ya kuingia: nani ananilipa, lini, kwa simu au mkononi? Mshahara ukikwama kiwanda kitakwambia kwenye vitabu vyake wewe humo.

Kaka Rama: Kwa mchomeleaji mimi ningepita karakana kwanza. Hawaulizi cheti, wanakupa kipande.

Jamali: Kipande gani kaka?

Kaka Rama: Mara nyingi fremu ya dirisha, bomba la mraba la inchi moja. Hapo ndipo wengi huanguka. Lile bomba ni jembamba, milimita 1.2 hivi, na kijana amezoea kuchoma angle, chuma cha umbo la L, ya milimita 3. Anaacha mashine kwenye nguvu ileile, bomba linatoboka. Kwa rodi ya gauge 12, angle ya milimita 3 inataka ampia (nguvu ya umeme wa mashine) 75 hadi 85. Bomba jembamba shuka mpaka 50 au 60, choma vipande vifupi, pumzika, usivute mshono mrefu. Pembe iliyosimama choma kwa kushuka.

Kaka Rama: Na mashine nyingi za hapa zimesukwa hapahapa, hazina namba za ampia. Zina matundu ya kuchomeka waya. Omba chuma cha taka ujaribu tundu kwa tundu. Hakuna atakayekucheka, watacheka ukitoboa bomba la mteja.

Dada Zaituni: 😂😂 kweli

Mjomba Swaleh: Na vipimo, Rama.

Kaka Rama: Ndiyo. Shika pembe zote nne kwa nukta ndogo za kuchomea kwanza. Pima kona hadi kona ya mkabala, njia zote mbili. Vipimo vikitofautiana, gonga fremu mpaka zilingane, ndipo umalizie. Choma pembe moja, ruka uende ya mkabala wake. Ukizunguka kwa mfululizo joto linavuta chuma upande mmoja, fremu inapinda na dirisha halifungi. Bosi hataangalia urembo wa mshono, ataweka futi.

Dada Zaituni: Miwani ya jua siyo kinga jamani! Naona vijana wanachomea nayo. Mwanga ule unaunguza macho, usiku ni kama yamejaa mchanga. Kofia yenye kioo namba 10 au 11.

Jamali: Kofia ninayo. Malipo je?

Mjomba Swaleh: Kubalianeni kabla ya cheche ya kwanza. Kwa siku au kwa dirisha? Rodi na diski za grainda ni za nani? Fundi akilipwa kwa dirisha na rodi zikiwa zake, faida inaishia kwenye rodi. Kisha mtumie ujumbe wa simu: "Bosi, tumekubaliana hivi." Akijibu "sawa" una ushahidi.

Wifi Hawa: Na ukiingia kiwandani, hata kama kibarua, haya ni ya sheria. Kazi ni saa 48 kwa wiki. Zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu, sikukuu ya taifa mara mbili. Baada ya miezi minne mfululizo wewe siyo kibarua tena, una haki ya mkataba wa maandishi. Ndiyo maana wengine wanawasimamisha watu miezi minne ikikaribia kutimia na kuwaita tena kama wapya. Tunza karatasi za mahudhurio, piga picha kila wiki.

Jamali: Na NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii?

Wifi Hawa: Wewe unakatwa asilimia 5, mwajiri anaongeza 10. Mshahara wa 300,000: unakatwa 15,000, yeye anaweka 30,000. Tangu sheria ilipobadilishwa 2022 hata mwenye mfanyakazi mmoja anatakiwa kuchangia. Wanaokata na hawapeleki wapo, kwa hiyo angalia akaunti yako mwenyewe kwenye simu. Ukidhulumiwa, nenda kwa ofisa wa kazi wa wilaya, Mukono anao.

Shangazi Aisha: Kuna mtu amekupigia anataka pesa ya fomu?

Jamali: Amesema elfu hamsini ya sare na vipimo vya afya, kesho naanza 😅

Shangazi Aisha: Mzuie namba.

Mjomba Swaleh: Kiwanda kinachokutaka hakikuombi mobaili mani.

Kaka Rama: Jumatatu beba futi, skwea na glavu zako. Anayeazima futi siku ya majaribio anajitambulisha vibaya. Seeta anza na karakana za kando ya barabara kuu, saa mbili asubuhi kabla oda hazijagawanywa.

Jamali: Sawa kaka. Mwenye nyumba amekubali twende kwa mwenyekiti kesho jioni.

Wifi Hawa: Nenda na kalamu, na barua isome kabla hajapiga muhuri. Wanakosea majina sana.