Bendi kongwe ya dansi: nipande treni kwenda Dar au niisubiri hapa Dodoma?

Mkazi wa Ipagala

Habari za jioni, ndugu wanajukwaa. Ninaishi Dodoma na kazi yangu iko Mtumba. Nyimbo zote za Msondo Ngoma na za Mlimani Park ninazozifahamu nimezisikia katika rekodi za zamani za Radio Tanzania, na sijawahi kuziona bendi hizo zikipiga jukwaani. Wenzangu ofisini wananishauri nisubiri hadi mojawapo ije huku mikoani, kwa kuwa gharama itakuwa kiingilio tu, lakini mimi ninafikiria kupanda treni ya SGR siku ya Jumamosi, niisikilize Dar es Salaam na kurudi Jumapili. Jambo linalonisumbua zaidi ni hili: mwimbaji wa Msondo, TX Moshi William, alifariki mwaka 2006, mwimbaji mwenzake Muhidin Gurumo akafuata mwaka 2014, na wengi waliotunga nyimbo hizo hatunao tena. Je, nitakayoiona ni bendi ileile, au ni watu wengine wanaoimba nyimbo za marehemu chini ya jina la zamani?

Mstaafu wa Kondoa

Mwanangu, nianze na hilo la mwisho. Bendi ya dansi ya enzi hizo haikuwa mali ya mwimbaji. Msondo ilianzishwa mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, na mwenye nayo alikuwa chama cha wafanyakazi: vyombo vilikuwa vya chama, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa anayelipwa mshahara kama karani. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA, bendi ikaitwa Juwata Jazz, na kilipokuwa OTTU, bendi nayo ikafuata jina. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilichukuliwa mwaka 1983 na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo maana herufi DDC zikatangulia jina lake. Kwa utaratibu huo wanamuziki walihama na bendi ikabaki. Gurumo mwenyewe alitoka kwenye bendi hiyo ya chama akaenda Mlimani Park, akapita Safari Sound, kisha akarudi alikoanzia, na muda wote alipokuwa nje waliobaki waliendelea kuziimba nyimbo alizoziacha. Kwa hiyo swali lako lilikwisha kujibiwa wakati wahusika wenyewe wakiwa hai, na mashabiki hawakususa.

Ninachokuomba ni kwamba usiende kumtafuta Gurumo. Yasikilize magitaa. Rithimu hushika mwendo, solo huzungumza juu yake, na kati yao hupita gitaa jingine ambalo katika rekodi za redio halisikiki vizuri, kwa sababu studio ya wakati huo ilirekodi bendi nzima kwa pamoja na kila kitu kikabanana. Halafu ngojea chemko. Redioni wimbo una dakika zake, lakini ukumbini waimbaji wakishamaliza beti, tarumbeta na saksafoni hupokea, magitaa hukaza mwendo, na sehemu hiyo huendelea kadiri wachezaji wanavyoitaka. Panda treni.

Fundi Mitambo, Area C

Ninaunga mkono treni, ila kwa sababu nyingine. Kazi yangu ni kufunga mitambo ya sauti, na kumbi zetu nyingi hapa zimejengwa kwa ajili ya harusi na mikutano, zenye vigae sakafuni, vioo ubavuni na dari gumu. Tarumbeta ikigonga kuta za namna hiyo, mwangwi wake hurudi jukwaani, fundi hulazimika kuipunguza, na hapo besi na dramu hufunika kila kitu hadi maneno ya waimbaji yanapotea. Ukumbi wa wazi ni afadhali, ingawa kati ya Juni na Septemba upepo wa Dodoma huingia kwenye vipaza sauti, na baridi ya usiku huwapeleka watu nyumbani mapema. Ikiwa utaamua kusubiri, waulize waandaaji swali moja tu kabla ya kulipa kiingilio: je, wapuliza ala wanakuja? Bendi nyingi zimeweka kinanda mahali pa tarumbeta ili kupunguza gharama. Dansi ya aina hii bila tarumbeta siilipii mimi.

Kijana wa Mvumi

Mzee wangu wa Kondoa, shikamoo. Nimekuelewa, ila mnavyozungumza ni kana kwamba dansi lilizaliwa Kariakoo na huku kwetu linakuja kutembea. Patrick Balisidya, aliyeiongoza Afro 70 hadi kuiwakilisha Tanzania kwenye tamasha la sanaa za Waafrika mjini Lagos mwaka 1977, ni mzaliwa wa Mvumi hapa Dodoma. Zaidi ya hayo, kila mwenye uwezo wa nauli akikimbilia Dar, mwandaaji wa huku ataona viti vitupu na hatailipa bendi nzima kuja, tarumbeta zikiwemo. Ushauri wangu ni kwamba uende Dar, sawa, lakini bendi ikifika hapa uje pia, tena ulete na hao wenzako wa ofisini.

Mkazi wa Ipagala

Nawashukuru wote. Nitakwenda, na hapa nitakuja pia. Je, ni lazima kuwatunza wanamuziki fedha? Sijui taratibu zake, na nisingependa kuonekana mshamba.

Mstaafu wa Kondoa

Marahaba, kijana wa Mvumi, na la Balisidya nimelipokea. Binti au kijana wa Ipagala, kutunza si lazima. Anayetaka hupanda wakati wa chemko, humpa noti mpiga solo au mwimbaji, kisha hushuka bila kuchelewesha watu. Wenye kusimama pale kupigwa picha wanaudhi. Usifike mapema ukitarajia nyimbo unazozijua, kwa kuwa zile kubwa huwekwa hadi usiku uwe mwingi na ukumbi ujae. Tiketi ya kurudi kata ya Jumapili mchana, maana ya asubuhi hutaiwahi.