Mbio za milimani Lushoto: Mlituuzia marathoni ya barabarani, mkatutelekeza msituni

Wadau wa riadha, poleni na majukumu.

Nafungua uzi huu kwa hasira na sioni sababu ya kuificha. Wapo watu waliotoka Dar es Salaam, Tanga na Arusha, wakalipa ada mapema, wakapanda kutoka Mombo hadi Lushoto ili wakimbie kilomita 42 za milimani kwa mara ya kwanza maishani mwao, nami nikiwa mmoja wao, kisha wakaachwa katika njia za msitu bila maji, bila alama na bila mtu wa kuwaambia wamefika wapi. Waandaaji siwataji. Wanajijua, na humu wanasoma.

Kosa lililozaa mengine yote ni kwamba tangazo lilitaja umbali peke yake. Hapakuwa na neno hata moja kuhusu jumla ya mita ambazo mkimbiaji angepanda, wala mchoro wa njia unaoonyesha milima iko wapi na miteremko iko wapi. ITRA, chama cha kimataifa cha mbio za aina hii, hukadiria uzito wa njia kwa kuongeza kilomita moja kwa kila mita 100 za kupanda. Kwa hesabu hiyo, kilomita 42 zenye mita 1,800 za kupanda huhesabiwa kuwa sawa na kilomita 60, na saa yangu ya mkononi ilionyesha mita za kupanda zisizo mbali na hizo. Kilian Jornet, ambaye ni miongoni mwa wakimbiaji bora kabisa wa milimani, alipovunja rekodi ya mbio za Zegama nchini Hispania mwaka 2022 alitumia zaidi ya saa 3 na nusu, na umbali wa mbio hizo ni uleule wa marathoni. Sasa mwandaaji anayempa mkimbiaji mgeni saa 6 tu za kumaliza katika milima ya Usambara, kana kwamba anakimbia kwenye lami, ama hajawahi kuipita njia yake kwa miguu, ama ameipita na akaamua kunyamaza.

Vituo vya maji njiani vilifungwa kwa kufuata saa hizo. Watu wengi walikuwa bado wanapanda upande wa msitu wa Magamba wakati wahudumu walipokuwa wakipakia meza kwenye gari, na waliofika baadaye walikuta makopo matupu. Hata vituo vilivyokuwa wazi vilikuwa na maji peke yake. Mtu anayetoka jasho kwa saa nyingi na kunywa maji matupu mfululizo anaweza kushusha kiwango cha sodiamu katika damu, akaanza kuumwa kichwa, kutapika na kuchanganyikiwa, na hali ikizidi huua. Lushoto ni wilaya ya viazi na mboga. Viazi vya kuchemsha vilivyotiwa chumvi visingewashinda.

Kisha ikaja miteremko, na hapa ndipo ninapokasirika zaidi. Asiyezoea milima hudhani kwamba kupanda ndiko kunakoumiza, lakini mlima ukikushinda unaweza kutembea. Mteremko hauna huruma hiyo, kwa sababu misuli ya mapaja hufanya kazi ya kuzuia uzito wa mwili huku ikivutwa, na baada ya saa kadhaa magoti hayatii tena. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, udongo mwekundu ukawa kama sabuni, na katika mteremko mkali kuliko yote hapakuwa na kamba wala mhudumu. Watu waliteremka kwa makalio. Tepu za alama zilikuwa zimeng'olewa au hazikuwekwa kabisa kwenye njia panda, na aliyeturudisha njiani ni mama mmoja aliyekuwa akitoka shambani na mzigo wa kabichi kichwani. Alitupa pole, akautua mzigo wake, akatusindikiza hadi tulipoiona barabara. Hakuna aliyemlipa.

Msidhani ninakuza mambo. Tarehe 22 Mei 2021, katika mbio za kilomita 100 mkoani Gansu, China, wakimbiaji 21 walifariki dunia baada ya upepo mkali na mvua ya baridi kuwakuta mlimani wakiwa na nguo nyepesi, kwa kuwa koti la kuzuia upepo halikuwa kifaa cha lazima. Wakimbiaji sita waliokolewa na mchungaji wa kondoo aliyewaingiza pangoni na kuwawashia moto. Msitu wa Magamba unapanda kupita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ukungu wake unafahamika, na sisi hatukuambiwa tubebe hata filimbi.

Tunachodai kinatekelezeka: mita za kupanda na kushuka zitangazwe kabla ya kupokea ada, ukomo wa muda upangwe kwa kufuata njia yenyewe, na nyuma ya mkimbiaji wa mwisho atembee mhudumu mwenye redio ya mawasiliano, huku kituo kikifungwa pale tu mhudumu huyo anapokipita. Waliozuiwa kumaliza kwa sababu ya ukomo ule warudishiwe ada zao. Barua pepe zetu hazijajibiwa hadi leo, ilhali usajili wa mwaka ujao umeshafunguliwa kwa tangazo lilelile lisilotaja mlima hata mmoja. Mliokuwepo, wekeni hapa rekodi za saa zenu na picha za vituo vilivyofungwa, tuziambatanishe na malalamiko tutakayopeleka kwa wanaotoa vibali.