Mjadala: John Ray na wenzake wa Uingereza, imani iliwafungua macho au iliwafunga?

Msomaji_wa_Usiku: Wadau, kila nikigusa historia ya sayansi nakutana na kauli ileile, kwamba dini ilikuwa adui wa elimu ya viumbe. Haya, mchukueni John Ray, mchunguzi wa mimea na wanyama wa karne ya 17, mtoto wa mhunzi wa Black Notley, Essex, aliyepata ukasisi mwaka 1660. Ndiye aliyeandika Historia Plantarum, yaani historia ya mimea, majuzuu matatu kati ya 1686 na 1704, na akaeleza kwamba aina ya mmea hujulikana kwa kile kinachoota tena kutoka kwenye mbegu yake, si kwa rangi ya ua. Mtu huyohuyo mwaka 1691 akatoa kitabu kizima kuonyesha hekima ya Mungu katika uumbaji. Hakuwa na maisha mawili. Nasema imani ndiyo iliyomtoa nje kwenda kuangalia majani. Anayepinga alete hoja.

Fundi_Hoja: Napinga. Mwenye jibu tayari mfukoni hachunguzi, anatafuta mashahidi. Ray alipokutana na magamba ya mawe yenye umbo la konokono, ya wanyama ambao hakuna aliyewahi kuwaona hai, alisitasita, maana kukubali kwamba wametoweka ni kukubali kuwa Mungu aliacha kazi yake ipotee. Robert Hooke, mwenzake katika Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, hakusita: alisema hao walikuwa hai na wengine wamekwisha. Halafu kuna mchungaji Charles Morton, aliyeandika kwamba ndege wanaohama huenda MWEZINI, akitumia Yeremia 8:7, panaposemwa ndege wa angani anajua majira yake. Hiyo ndiyo elimu tunayoambiwa tuisifu?

Mama_Zeri: Morton unamwonea. Wakati ule wasomi wazima walikuwa wakisema mbayuwayu hulala chini ya maji kipindi cha baridi. Yeye angalau alikubali kwamba ndege wanasafiri, na wanasafiri mbali. Na alikuwa mwalimu wa kweli, Daniel Defoe, mwandishi wa Robinson Crusoe, alipita mikononi mwake. Ulikuwa unasema la maana juu ya Hooke, ukaliharibu kwa kejeli kwa mtumishi wa Mungu.

Kichuguu: Subirini kwanza. Mnaongea kana kwamba waendako ndege hao palikuwa fumbo la dunia nzima. Korongo weupe wa Ulaya wanakuja huku kwetu! Mwaka 1822 alipigwa korongo mmoja Klütz, Ujerumani, ana mkuki wa Kiafrika umepita shingoni, na bado alikuwa ameruka nao hadi kwao. Mbayuwayu nao, vuli ikikaribia, wanajaa kwenye nyaya. Wafugaji na wakulima wa huku wamewaona miaka yote. Mwezini, wakati wako machungani!

Fundi_Hoja: Mkuu, kumwona ndege si kujua anatoka wapi. Babu yako alijua wanakuja, basi. Hakujua habari za Ujerumani.

Kichuguu: Babu yangu mwache apumzike. Nakuuliza wewe: Mwingereza aliwaona wanaondoka, hakujua waendako. Mswahili aliwaona wanafika, hakujua watokako. Kila mmoja alishika nusu ya safari. Kwa nini nusu yao unaiita elimu na yetu unaiita "kuona"? Hapo ndipo panaponiuma.

Msomaji_wa_Usiku: Kichuguu, swali lako ni zuri na linastahili uzi wake. Ila kwa suala la mbayuwayu, Ray hakuwa upande wa mwezi. Katika kitabu cha ndege alichokitoa kutokana na kazi ya rafiki yake marehemu Francis Willughby, toleo la Kiingereza la 1678, alisema inaelekea zaidi wanakwenda nchi za joto, Misri au Uhabeshi. Na katika dibaji akasema wazi kwamba ameacha ngano, mafumbo na habari za kubashiri kwa ndege. Mlinganisheni na mchungaji Edward Topsell, ambaye mwaka 1607, katika kitabu chake cha wanyama, alimweka nyati wa pembe moja, mnyama wa ngano, pamoja na ng'ombe na mbwa. Wote wawili watu wa kanisa. Kilichobadilika katika miaka 70 ni namna ya kutazama. Imani ilibaki.

Daktari_wa_Bonde: Mmemsahau Thomas Browne, daktari wa Norwich. Mwaka 1646 alitoa kitabu cha kukanusha imani za uongo, mojawapo ikiwa kwamba tembo hana viungo miguuni na kwa hiyo hulala ameegemea mti. Safi kabisa. Halafu mwaka 1662, Bury St Edmunds, akaitwa mahakamani atoe maoni juu ya watoto waliosemekana kurogwa. Akasema wamerogwa. Wanawake wawili wakanyongwa. Akili ileile iliyomchunguza tembo ilishindwa kuwachunguza wajane wawili.

Mama_Zeri: Wanawake wale walihukumiwa na sheria ya Bunge ya 1604 na jaji wa serikali. Msilibebeshe kanisa kila maiti.

Fundi_Hoja: Bunge lenye maaskofu ndani yake, dada. Na mwaka huohuo 1662 nani alimtoa Ray kazini Cambridge? Sheria ya dini! Alikataa kutia saini tamko walilomtaka, akapoteza nafasi yake chuoni. Imani mnayosema ilimfungulia mlango ndiyo iliyomfungia.

Mama_Zeri: Alikataa KWA SABABU ya imani. Dhamiri yake haikukubali kutangaza kwamba kiapo walichoapa wengine hakiwafungi, ingawa yeye mwenyewe hakuwa amekiapa. Na hakulihama kanisa hadi anakufa 1705. Usichanganye dola na Mungu wake.

Kichuguu: Mnagombana nani alimfukuza Ray, swali langu mmelikalia. Nawaongezea. Meli ya nahodha Mwingereza James Lancaster ilikaa Zanzibar tangu mwishoni mwa 1591 mpaka Februari 1592. Miezi hiyo mbayuwayu wako kisiwani. Mabaharia wa Kiingereza walikuwa chini yao kabisa, karibu miaka 100 kabla ya Morton. Kama elimu yao ilikuwa ya kutazama, niambieni kwa nini hapakuwa na hata mmoja wa kumwuliza mvuvi wa Unguja, na kulipeleka jibu London.