Naomba ushauri: klabu ya raga inayotegemea mdhamini mmoja

Wadau, naombeni ushauri kuhusu udhamini wa klabu ya Kenya Cup, ligi kuu ya raga Kenya. Safari moja ya ugenini ni wachezaji 23, makocha, daktari, basi, chakula na malazi, na gharama hizo hazisubiri mdhamini alipe. Ukiuza nafasi zote za matangazo kwenye jezi kwa kampuni moja, ikijitoa katikati ya msimu posho zinakwama. Hata Uingereza, klabu za raga za Worcester na Wasps zilizama kwa madeni 2022, London Irish wakafuata 2023. Na hao walikuwa na pesa za televisheni!

Je, kifua, mgongo, mikono na kaptula viuzwe kila kimoja peke yake? Awamu ya kwanza ilipwe kabla ya jezi kuchapishwa? Na anayetoa maji au bima badala ya pesa taslimu, thamani yake mnaikadiriaje kwenye mkataba?